Tuna R730 ya mtumba na ESXi 6.7 iliyoisha muda: tuhamie Proxmox au tubaki VMware?

Msukuma_Nyaya

Wakuu salaam. Niko chuo cha kati hapa Morogoro, mtu wa IT ni mimi peke yangu (msicheke). Tuna seva moja, Dell R720, inayoendesha ESXi 6.7 (programu ya VMware ya kugawa seva moja iwe kompyuta pepe nyingi) tangu kabla sijaajiriwa. Ndani yake kuna VM (kompyuta pepe) sita. Tatu ni Windows Server 2016: domain controller (DC, inayosimamia akaunti za watumiaji), mafaili ya ofisi, na mfumo wa uhasibu wenye SQL Server (hazina ya data ya Microsoft). Tatu ni Linux: mfumo wa matokeo, Moodle, na kingine kidogo cha kufuatilia mtandao.

Mkuu wa chuo amekubali tununue seva ya pili. Tumepata R730 used, mzigo uliopitia Dubai: prosesa mbili za E5-2680 v4, yaani viini 28 kwa jumla, RAM GB 128, kadi ya PERC H730 Mini (ya RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa data ibaki), diski nne za SAS (diski za seva) za TB 1.2 za 10K (mizunguko 10,000 kwa dakika), na nafasi nne za diski ziko wazi. Tumetoa advansi tu, pesa iliyobaki tunalipa wakileta.

Swali langu: niweke haipavaiza ipi (programu ya kuendesha VM): ESXi 8, Proxmox au Hyper-V ya Microsoft? Jamaa aliyeifunga ile ya kwanza anasema VMware ndiyo ya kazi, Proxmox ni ya watu wa kuchezea nyumbani. Bajeti ya leseni ni kama haipo. Naomba mawazo ya waliokwisha pita njia hii.

kokoto

ESXi 8. Key (namba za leseni) zimejaa mtandaoni. Uzi ufungwe.

BiTerminali

Usifungwe kwanza, kokoto.

Msukuma, ESXi 6.7 iliacha kupata masasisho Oktoba 15, 2022. Hiyo 7 nayo imeishia Oktoba 2, 2025. Kwa hiyo ukibaki VMware ni 8 au zaidi, na hapo ndipo habari ya leseni inapoanza. Broadcom walimaliza kuinunua VMware Novemba 2023, na mwezi uliofuata tu wakaacha kuuza zile leseni za kununua mara moja ukakaa nazo milele. Sasa ni kulipia kwa muda, na hesabu inakwenda kwa viini vya prosesa, kiwango cha chini viini 16 kwa kila prosesa. Ukiwa na prosesa ya viini 14 kama zako unahesabiwa 16. Mbili, 32. Unalipia viini vinne ambavyo havipo.

ESXi ya bure waliiondoa mapema 2024, wakairudisha Aprili 2025 na toleo la 8.0 Update 3e. Watu walishangilia. Lakini soma masharti yake: VM moja haivuki prosesa pepe 8, huwezi kuiunganisha na vCenter (programu ya VMware ya kusimamia seva nyingi pamoja), na kubwa kuliko yote, milango ambayo programu za bakapu huingilia imefungwa. Yaani una mfumo wa uhasibu wa chuo kizima juu ya kitu ambacho Veeam na wenzake hawawezi kukigusa. Kwa maabara ya nyumbani sawa. Kwa chuo, hapana.

Na hizo key za kokoto: siku mkaguzi akija, jina litakaloandikwa kwenye ripoti si la kokoto.

kokoto

Dada umeniua hadharani 😂

Nakuru_Root

Salamu kutoka Nakuru. Mimi nimehamisha seva kadhaa za shule kutoka ESXi kwenda Proxmox na sijarudi nyuma. Hiyo hadithi ya "watu wa kuchezea nyumbani" ni ya zamani. Chini ya Proxmox kuna KVM, kiendeshi cha VM ambacho kiko ndani ya kerneli (moyo) ya Linux tangu toleo la 2.6.20, mwaka 2007. Baadhi ya mawingu makubwa ya dunia yanaendeshwa na KVM ama kitu kilichozaliwa nayo. Proxmox wenyewe, kampuni ya Vienna, walitoa 1.0 mwaka 2008. Si mtoto.

Usajili wa Proxmox unahesabiwa kwa soketi, si kwa kiini. Na usipolipa, hakuna kinachozimwa: unatumia hazina ya masasisho ya wasiolipia, na kila ukiingia kwenye ukurasa wake kuna kidirisha kinakukumbusha huna usajili. Bonyeza, endelea na kazi. Lakini boss, kama chuo kinaweza, nunueni angalau ule usajili mdogo kabisa. Masasisho yake yamepimwa zaidi.

Mzee_wa_Raki

Vijana mmeanza na paa. Msukuma, haipavaiza utakayoweka ni uamuzi wa jioni moja na unaweza kuubadilisha. Kadi ya diski ndiyo itakayoamua kama mwakani utakuwa unalala usingizi. Kabla hujamalizia hizo pesa, muulize muuzaji mambo haya, na asipojua mwambie awashe seva mbele yako.

Betri ya PERC ikoje? H730 ina kumbukumbu yake ya GB 1. Windows ikisema "andika", kadi inapokea, inajibu "tayari", halafu inaandika diskini kwa wakati wake. Inathubutu kufanya hivyo kwa sababu ina betri: umeme ukikatika, kilichomo hakipotei. Betri ikifa, kadi inajihami, inahama kutoka Write Back kwenda Write Through, na kila uandishi unasubiri diski yenyewe. SQL Server yako itakuwa kama inapanda Uluguru na gunia la mahindi. Seva nyingi za mtumba zinazolalamikiwa kuwa "nzito" hazina ugonjwa mwingine, ni betri. Ingia iDRAC (kifaa cha Dell ndani ya seva cha kuisimamia kwa mbali), sehemu ya Storage, utaiona hali yake. Kuibadilisha ni kazi ndogo.

Diski zimetoka wapi? Hapa watu wengi huumia. Diski za SAS zinazouzwa bei ya kutupa mara nyingi zimetolewa kwenye makabati ya storage ya mabenki na makampuni ya simu, na zimepangwa kwa sekta za baiti 520 badala ya 512. Seva itaziona, itakuonyesha hata ukubwa wake, ila hutaweza kuzitumia. Dawa ipo: unawasha Linux, unatumia `sg_format` na kuipa ukubwa wa 512. Inachukua saa nyingi kwa kila diski, na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Afadhali uzikatae dukani.

iDRAC yenyewe ni Express au Enterprise? Kama ni Express, huna skrini ya mbali. Siku seva imegoma kuwaka saa tano usiku utavaa viatu uende chuoni. Enterprise inakupa skrini, kibodi na uwezo wa kuchomeka ISO ukiwa kitandani.

Na ukishaichukua, jambo la kwanza kabisa: nenosiri. Dell za kizazi hicho zinakuja na root na calvin. Kila mtu duniani anajua. Ifute iDRAC mipangilio ya mwenye nayo wa zamani, weka nenosiri lako, na isiwe na njia yoyote ya kuonekana kutoka intaneti.

Msukuma_Nyaya

Mzee shikamoo. Nimekimbia dukani na orodha yako. Betri iko vizuri, iDRAC ni Enterprise, diski ni za sekta 512. Advansi imepona.

Sasa nachanganyikiwa. Nimesoma kwamba Proxmox inataka ZFS (mfumo wa mafaili unaosimamia diski wenyewe), na ZFS haitaki kadi ya RAID. Mimi nina kadi ya RAID. Niifanyeje?

Mzee_wa_Raki

Marahaba kijana.

Bahati yako ni H730. Hii ina hali mbili: RAID na HBA. Ukiiweka HBA inaacha ujanja wake wote, inazikabidhi diski kwa mfumo zikiwa mbichi, na ZFS inafurahi. Unawasha seva, F2, Device Settings, kadi yenyewe, unatafuta Controller Mode. Itakataa kama kuna virtual disk bado imeumbwa, kwa hiyo unazifuta kwanza, na kufuta ni kufuta.

Ile H710 ya kwenye R720 yako haina hali hiyo. Watu huiflashi kwa famwea nyingine ili iwe HBA tupu, na inawezekana, maelekezo yapo, lakini ni kazi ya mtu aliye tayari kuiua kadi. Usicheze nayo. Na usifanye ule ujanja wa kuunda RAID 0 ya diski moja moja kisha kuweka ZFS juu. Kadi bado imekaa katikati, inaficha makosa ya diski na kuchezea mpangilio wa uandishi. Diski moja ikifa itabidi uunde RAID 0 mpya kwa mkono kabla ZFS haijaona chochote.

Mimi ni mtu wa ZFS. Kila kipande cha data kina alama ya uhakiki, kikiharibika kimyakimya kinagundulika na kurekebishwa kutoka nakala ya pili. Diski nne zako: jozi mbili za kioo (kila diski na nakala yake). Utapata kama TB 2.4 kabla ya makato. Usiende RAIDZ (RAID ya ZFS isiyo ya kioo) kwa ajili ya VM, diski za 10K tayari ni za polepole, usizizidishie mzigo.

BiTerminali

Mzee kwa heshima zote, hapa sikubaliani nawe moja kwa moja.

Mtu yuko peke yake, hajawahi kugusa ZFS, ana H730 yenye betri nzima na diski zinazozunguka. RAID 10 (jozi za kioo) kwenye kadi, LVM-thin (njia ya Linux ya kugawa nafasi ya diski) juu yake, amemaliza. Ile GB 1 ya kumbukumbu itamsaidia sana kwenye SQL. Snapshoti (nakala ya hali ya VM ya kurudia) anapata. Diski ikifa taa ya njano inawaka, anachomoa, anachomeka, kadi inajijenga yenyewe bila yeye kuandika amri hata moja. Kwenye HBA anaipoteza kumbukumbu hiyo yote, na ili ZFS iwe na kasi kwenye diski za 10K itabidi anunue SSD ya kupokea maandishi, na iwe ile yenye kinga ya kukatika umeme, maana SSD za dukani za kompyuta za kawaida ZFS inazitafuna na kwa maandishi ya kusubiri huwa zinakwama hovyo.

Halafu RAM. ZFS inajitwalia RAM kwa ajili ya kache. Zamani ilikuwa nusu ya seva nzima. Tangu Proxmox 8.1 ukisakinisha upya wameibana iwe asilimia 10, isizidi GB 16. Bado ni GB ambazo zingekuwa za VM.

Mzee_wa_Raki

Sawa Bi Terminali, sasa nijibu hili. H730 ikifa Jumatatu, Morogoro hapo, H730 nyingine anaipata lini? Data yake iko katika mpangilio ambao kadi za familia hiyo ndizo zinaousoma. Mwenye ZFS anachukua zile diski, anazichomeka kwenye mashine yoyote yenye Linux na mlango wa SAS, anaandika `zpool import`, anaendelea na maisha. Hilo kwangu linazidi kasi.

BiTerminali

Hilo nakupa. Jibu langu ni kwamba akiwa na bakapu nzuri kwenye seva nyingine, kadi ikifa anarejesha VM huko huko kwenye ile R720 wakati anasubiri kadi. Asipokuwa na bakapu, basi wewe uko sahihi na mimi nimekosea, lakini pia hata ZFS haitamwokoa siku mtu akifuta faili au kirusi cha kufunga mafaili kikiingia.

Nakuru_Root

Nyinyi wawili mkiendelea hivi mimi naenda kutafuta chai. Msukuma, chagua moja. Zote mbili zinafanya kazi. Kile kisichofanya kazi ni kuchanganya: ZFS juu ya RAID ya kadi. Hapo unalipa gharama za pande zote na hupati faida ya upande wowote.

Lakini kuna jambo hakuna mtu amelisema, na ni la pesa. Windows Server tangu 2016 kwa kawaida inalipiwa kwa viini vya seva halisi, si vya VM. Toleo la Standard linakuruhusu VM mbili za Windows, mradi umelipia viini vyote vya seva, na kiwango cha chini ni 16. Haijalishi chini kuna VMware, Proxmox ama Hyper-V. Wewe una VM tatu za Windows na viini 28. Leseni moja kamili ya viini 28 ni VM mbili. VM ya tatu, unalipia viini 28 tena. Jumla 56.

Sasa angalia: badala ya E5-2680 v4 ungechukua E5-2667 v4, viini 8 kila moja, 3.2 GHz badala ya 2.4. Mbili zinakupa viini 16, kiwango cha chini kabisa. Kwa VM tatu unalipia 32 badala ya 56. Na SQL Server inapenda kiini chenye kasi kuliko viini vingi vya polepole. Hizo prosesa zinaingia kwenye soketi ileile. Muuzaji akikubali kubadilishana kabla ya malipo ya mwisho, umeokoa pesa nyingi.

Ukishindwa, kuna njia ya pili: chomoa prosesa moja kabisa. Unabaki na viini 14, unalipia 16. Ila nusu ya nafasi za RAM ni za prosesa ya pili, zitalala, na baadhi ya nafasi za kadi za PCIe pia.

Msukuma_Nyaya

Mkuu wa Nakuru, umenitoa jasho. Hili hata muuzaji wa leseni hakuniambia.

kokoto

Muuzaji wa leseni akuambie upunguze leseni? Kweli wewe ni mgeni mjini.

Mpemba_Bandarini

Ndugu zangu mimi nimesoma kimya kimya. Huyu bwana ana seva mbili sasa. Kwa nini asizifanye klasta, moja ikifa VM zihamie nyingine? Hapa kwetu tulifikiria hivyo hivyo.

BiTerminali

Ndugu yangu, klasta ya seva mbili ndiyo mtego wa kwanza wa Proxmox. Klasta inaendeshwa kwa kura. Seva mbili, kura mbili, na ili mambo yaende lazima kura ziwe zaidi ya nusu. Moja ikizimika, iliyobaki ina nusu kamili, haitoshi. VM zinazoendesha zitaendelea, lakini hutaweza kuwasha VM iliyozimwa wala kubadilisha mpangilio wowote. Na kama umewasha HA (VM kuhamia zenyewe seva ikifa), ile iliyobaki itajiwasha upya yenyewe kwa kudhani ndiyo iliyotengwa. Yaani seva iliyokufa imemvuta mwenzake kaburini.

Kuna dawa, unaweka kura ya tatu kwenye kikompyuta chochote cha Linux kupitia QDevice. Inafanya kazi. Lakini bado huna storage ya pamoja, ukishaanza kutafuta hiyo umeingia mradi mwingine kabisa.

Kuna sababu nyingine ya kutoitegemea R720 kuendesha VM. Prosesa zake, hata zile za v2, hazina AVX2 (kundi la amri za prosesa). Red Hat Enterprise Linux 10 inadai kiwango cha x86-64-v3, ambacho kinahitaji AVX2. Leo huoni tatizo, kesho utaanza kukutana na programu zinazogoma. R730 yenye v3 au v4 imepona hapo.

Ushauri wangu: R720 iwe Proxmox Backup Server (PBS, seva ya bakapu). Hiyo ndiyo kazi yake ya uzeeni. RAID 6 kwenye ile H710, XFS au ext4 (mifumo ya mafaili ya Linux) juu, PBS. Bakapu ya kwanza inachukua muda, zinazofuata zinachukua vipande vilivyobadilika tu, na vipande vinavyofanana kati ya VM havihifadhiwi mara mbili.  Na iwekwe jengo jingine, si raki ileile. Moto hauchagui.

Mpemba_Bandarini

Ahsante dada. Imenikaa.

Msukuma_Nyaya

Wakuu, ya leo. Muuzaji amekubali kubadilisha prosesa, tumepata E5-2667 v4 mbili. Nimechagua njia ya Bi Terminali, RAID 10 kwenye kadi na LVM-thin (Mzee nisamehe). Proxmox 9 imesakinishwa, ukurasa unafunguka kwenye poti 8006. Sasa naogopa kuhamisha. Hasa domain controller na uhasibu.

BiTerminali

Twende taratibu, na anza na kile kiVM cha kufuatilia mtandao. Kikifa hakuna atakayelia.

Proxmox tangu 8.2 ina kichukuzi cha ESXi ndani yake. Datacenter, Storage, Add, ESXi. Unaweka anwani ya R720 na nenosiri lake, VM zako zitaorodheshwa kama vile ni storage ya kawaida. Unachagua moja, unabonyeza Import. ESXi yako ya 6.7 inakubalika. Kabla ya hapo kagua kila VM kule ESXi kama ina snapshoti za zamani, kama zipo zifute, maana zinafanya uhamishaji uwe wa kobe. Zima VM kabla ya kuihamisha.

Linux kwa kawaida haina matata. Kitakachokusumbua ni jina la kadi ya mtandao, kule iliitwa ens160 au ens192, huku itaitwa kingine, kwa hiyo IP uliyoiandika kwenye netplan (mipangilio ya mtandao ya Linux) haitashika. Ingia kwenye konsoli ya Proxmox, badilisha jina, basi.

Windows ndiyo ya kuheshimu. Ikiwa bado iko ESXi fanya haya: andika pembeni matokeo ya `ipconfig /all`, kisha ondoa VMware Tools. Usiseme nitaiondoa baadaye, ikishafika Proxmox kiondoaji chake hukataa kwa sababu hakioni VMware. Angalia pia kama VM inawaka kwa BIOS ya kawaida au UEFI, na uweke hivyohivyo Proxmox: SeaBIOS kwa BIOS, OVMF kwa UEFI. Ukikosea hapo haitawaka kabisa.

Diski: Windows haina draiva za VirtIO (vifaa pepe vya KVM). Ukiipa diski ya VirtIO siku ya kwanza utapata skrini ya bluu ya INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Kwa hiyo mara ya kwanza diski iwe SATA. Ikishawaka, chomeka ISO ya VirtIO, ongeza diski ndogo ya pili, hata GB 1, kwenye VirtIO SCSI ili Windows ilazimike kupakia draiva yake. Sakinisha draiva zote pamoja na guest agent (programu ndani ya VM inayoongea na Proxmox). Zima, ile diski kubwa itenganishe, irudishe kama SCSI, rekebisha mpangilio wa kuwaka, washa. Ile ndogo itupe.

Mtandao: Windows itakuambia IP unayoiweka tayari inatumiwa na kadi nyingine isiyoonekana. Ni ile kadi ya VMware, mzimu wake. Fungua Device Manager, onyesha vifaa vilivyofichwa, uifute.

Domain controller, kwa kuwa ni mmoja tu: uzime kabisa kule, uuhamishe ukiwa umezimwa, na baada ya kuwasha huku, ule wa zamani usiwashwe tena hata kwa sekunde. Nakala mbili za DC mmoja zikionana mtandaoni ni msiba. Mimi ningeenda mbali zaidi, ningesimamisha DC mpya juu ya Proxmox na kumwachia madaraka, lakini leseni ndizo hizo.

Aina ya prosesa: una seva moja, weka `host` (VM ione prosesa halisi ilivyo). Kama Windows mpya itakuwa nzito bila sababu, jaribu x86-64-v3.

Nakuru_Root

Ongeza hapo: SQL ifanyiwe bakapu yake yenyewe, ile ya .bak, kabla hujagusa chochote, na faili likae nje ya seva zote mbili.

Mzee_wa_Raki

Nimekusamehe. Sasa umeme, maana hakuna aliyeugusa na sisi wote tunaijua hali.

R730 ina power supply mbili. Moja iende kwenye UPS, nyingine iende kwenye UPS ya pili au, kama huna, ukutani moja kwa moja. Zikiwa zote kwenye UPS moja ndogo, UPS ikifa umekwisha. Unganisha UPS kwa USB, weka NUT (programu ya kufuatilia UPS) kwenye Proxmox, ipange iizime seva betri ikikaribia kuisha. Ili kuzima kuwe kwa ustaarabu kila VM iwe na guest agent, vinginevyo Proxmox inaweza kubisha hodi, isijibiwe, mwisho ikate. Na kwenye BIOS weka AC Power Recovery iwe On, ili umeme ukirudi seva iwake yenyewe.

Halafu weka mpangilio wa kuwaka: DC kwanza, subira ya dakika mbili hivi, ndipo SQL, ndipo wengine. Uhasibu ukiwaka kabla ya DC, huduma zake zinazoingia kwa akaunti za domain zitagoma na mhasibu atakupigia simu asubuhi na mapema.

Msukuma_Nyaya

Wakuu, VM zote sita ziko R730. Uhasibu umekubali, mhasibu mwenyewe anasema ripoti zinafunguka haraka (hajui kilichobadilika, nami sijamwambia). R720 imefutwa, imekuwa PBS, iko jengo la maktaba. Jana nimerejesha VM ya matokeo kutoka kwenye bakapu kwa jina jingine, mtandao wake nimeukata, ikawaka na data imo.

Limebaki moja. Kwenye R730 nimechomeka kadi ya PCIe ya kubeba NVMe (SSD ya kasi), si ya Dell. Tangu hapo feni zinapiga kelele kama ndege inayoruka. Joto liko kawaida kabisa. Maktaba wamepona, ila mimi nakaa chumba kimoja na hii seva.

Mzee_wa_Raki

iDRAC haiijui hiyo kadi, haiwezi kusoma joto lake, kwa hiyo inaipulizia kwa nguvu zote kwa tahadhari. Kuna kipengele cha mwitikio wa feni kwa kadi za kigeni, kizime:

`racadm set system.thermalsettings.ThirdPartyPCIFanResponse 0`

Lakini baada ya hapo joto la hiyo NVMe ulitazame wewe mwenyewe kwa `smartctl`, kwa sababu iDRAC umeshaiambia isijali. Ikipanda kupita 70 mara kwa mara, rudisha kelele.

kokoto

Na mimi nina R620 nyumbani na ile key yangu. Nauliza tu, kwa ajili ya rafiki: PBS inakubali disk za 520?

Mzee_wa_Raki

Rafiki yako aanze na `sg_format`.